Msumeno wa Mnyororo: Kuuchagua na Kunoa Meno Yake

Jino la msumeno wa mnyororo hukata kama randa ya seremala. Mbele lina kinundu kinachoteleza juu ya mti, nyuma lina ukingo wenye makali, na tofauti ya kimo kati ya kinundu na ukingo ndiyo inayoamua jino litabandua kiasi gani cha mti kila linapopita. Katika minyororo mingi tofauti hiyo ni milimita 0.65 tu, karibu unene wa kucha ya kidole gumba. Seremala hupunguza au huongeza kina cha randa yake kwa kugongagonga kisu chake. Mkata miti hufanya hivyo kwa tupa.

Aliyelielewa jino moja ameuelewa msumeno mzima. Injini, klachi, bapa la chuma linaloongoza mnyororo, tangi la oili na breki, vyote vipo ili jino hilo lipite kwenye mti kwa kasi bila kumdhuru mtu. Na kasi yenyewe si ndogo. Mashine ya kati yenye mnyororo wa inchi 3/8 na gurudumu la kuendeshea la meno 7, injini ikizunguka mara 9,000 kwa dakika, hupitisha mnyororo mita 20 hivi kila sekunde. Kwa kasi hiyo jino butu halikati mti, linausugua tu, na msuguano huo huzaa joto, moshi na harufu ya mti ulioungua.

Umbo la jino linalotumika leo lilitokana na funza. Mwaka 1946 mkata miti mmoja wa jimbo la Oregon nchini Marekani, Joseph Buford Cox, alikuwa akichanja kuni alipomwona funza wa mbawakavu anatafuna kisiki. Funza yule alipenya mti mgumu bila taabu, kwa kufuata nyuzi za mti na hata kwa kuzikata, na taya zake mbili zilitafuna kwa zamu, moja kulia, nyingine kushoto. Minyororo ya wakati huo ilikuwa na meno yaliyokwaruza kama ya msumeno wa mkono, na kuyanoa kulikula muda mrefu. Cox aliiga taya za funza kwa chuma: meno yaliyopinda kwa juu kama herufi C, moja la kulia likifuatiwa na moja la kushoto. Mwaka uliofuata alianza kuuza mnyororo wake, na tangu hapo minyororo karibu yote duniani hufuata umbo hilo.

Mashine zenyewe zilikwisha kutangulia. Andreas Stihl alitengeneza msumeno wa umeme huko Stuttgart mwaka 1926. Mwaka 1927 Emil Lerp akajaribu wa petroli kwenye mlima Dolmar huko Thuringia, na jina la mlima likawa jina la kampuni yake. Zote mbili zilihitaji watu wawili kuzibeba. Msumeno wa petroli wa Stihl wa kushikwa na mtu mmoja ulipatikana mwaka 1950, ukiwa na uzito wa kilo 16. Mashine za leo zenye nguvu zaidi ya ile zina uzito usiofika nusu yake.

Kuchagua mashine

Wanunuzi wengi huuliza kwanza nguvu ya injini. Swali la kwanza lingepaswa kuwa mti: ni mti gani utakaokatwa, wenye unene gani, na mara ngapi kwa wiki. Mwenye shamba anayepogoa mikorosho na miembe, au anayekata kuni za nyumbani, hutoshelezwa na mashine ya cc 30 hadi 40 yenye bapa la inchi 12 hadi 16. Mwenye shamba la mikaratusi au paini anayevuna mwenyewe anahitaji cc 50 hadi 60. Wanaoangusha miti kutwa nzima, kama wavunaji wa paini na milingoti katika shamba la miti la Sao Hill huko Mufindi, huenda kwenye cc 65 hadi 75, zenye uzito wa kilo 6 hadi 7 bila bapa.

Juu ya hapo ni mashine za kupasulia mbao. Kazi ya kupasua gogo kwa urefu ni nzito kuliko kulikata kwa upana, maana mashine hubaki imebanwa ndani ya mti kwa dakika nyingi mfululizo huku injini ikivuta kwa nguvu zake zote. Hapo cc 90 si anasa. Mashine inayojulikana sana kwa kazi hii ni Stihl 070, yenye cc 106 na uzito wa zaidi ya kilo 10, mashine ya muundo wa miaka ya 1960 inayozunguka polepole lakini kwa nguvu nyingi. Mashine kubwa za muundo huo wa zamani zina upungufu mmoja mzito: nyingi hazina breki ya mnyororo.

Breki hiyo si pambo. Robo ya juu ya ncha ya bapa ikigusa tawi au gogo la jirani wakati mnyororo unazunguka, jino hukwama na bapa zima hurushwa juu na nyuma kuelekea kichwa na bega la mwendeshaji, kwa muda mfupi kuliko mtu anavyoweza kukwepa. Breki husukumwa na mkono au na mrusho wenyewe, ili mnyororo usimame kabla haujamfikia mtu. Anayenunua mashine mpya kwa kazi ya kuangusha na kukata matawi asikubali isiyo na breki, hata ikiwa na bei nafuu. Akague pia mpira au springi zinazotenga mishikio na injini, kwa kuwa mtetemo wa miaka mingi huharibu mishipa ya damu na ya fahamu ya vidole, vikawa vinakufa ganzi na kugeuka vyeupe wakati wa baridi.

Bapa refu huvutia macho dukani. Kwenye kazi lina gharama zake: linanyonya oili zaidi, linaelemea mikono, linaongeza msuguano, na linaongeza meno ya kunoa. Mnyororo wa inchi 3/8 kwenye bapa la inchi 20 kwa kawaida una meno 36. Gogo la sentimita 60 hukatwa vizuri na bapa la sentimita 40 kwa kuliingia pande zote mbili. Bapa fupi linalobebwa na injini bila kulemewa hukata haraka kuliko refu linaloburutwa.

Mashine za betri zimekuja, nazo zinafaa kwa bustani na kupogoa karibu na umeme wa kuchajia. Porini petroli bado ndiyo inayotegemewa, na kwa hiyo mchanganyiko lazima uwe sahihi: injini nyingi za leo hutaka sehemu 50 za petroli kwa sehemu 1 ya oili ya injini za mipigo miwili, yaani mililita 100 kwa lita 5. Oili ikisahaulika, pistoni hujikwangua ndani ya silinda na mashine hufa siku hiyo hiyo.

Upatikanaji wa vipuri ni jambo la mwisho la kupima, na kwa aishiye mbali na mji ndilo la kwanza. Mashine nzuri isiyo na plagi, kichujio cha hewa na mnyororo wake katika duka la karibu ni chuma cha kuwekwa stoo. Masoko pia yamejaa mashine za kuiga zenye rangi na nembo za mashine maarufu. Plastiki yenye kingo kali, herufi zilizochapwa ovyo na bei ya nusu ni dalili zinazotosha kumfanya mnunuzi arudishe pesa mfukoni.

Kuujua mnyororo

Mnyororo hununuliwa kwa vipimo vitatu, na kimoja kikikosewa haufungi. Cha kwanza ni hatua, yaani urefu kati ya ribiti tatu zinazofuatana, ukigawanywa kwa mbili: zinazopatikana zaidi ni inchi 0.325, 3/8 na 0.404, na kwa mashine ndogo 3/8 ya umbo la chini. Cha pili ni unene wa viungo viendeshi, vile vyenye ncha iliyochongoka kwa chini inayoingia kwenye mfereji wa bapa: milimita 1.1, 1.3, 1.5 au 1.6. Cha tatu ni idadi ya viungo hivyo, ambayo huhesabiwa kimoja kimoja. Fundi mwangalifu huandika namba zote tatu kwa rangi kwenye kasha la mashine, na anayetumwa dukani huziona bila kuuliza.

Kisha lipo umbo la jino. Likiangaliwa kwa mbele, jino la kona kali lina pembe mraba pale ukingo wa juu unapokutana na wa ubavuni. Hukata upesi sana kwenye paini mbichi iliyo safi, na hufa upesi likikutana na mchanga. Jino la kona mviringo hukata polepole kidogo, lakini hustahimili vumbi, gamba lenye udongo na mti mkavu mgumu, na hunolewa kwa urahisi zaidi. Kwa sehemu kubwa ya Afrika Mashariki, ambako magogo huburutwa juu ya udongo na miti migumu ni mingi, jino la kona mviringo ndilo linalofaa. Anayekwenda kukata paini safi ya Mufindi au ya nyanda za juu za Kenya anaweza kuchagua lingine.

Mti wenyewe una siri zake. Mvule huhifadhi ndani yake mawe ya chokaa, mara nyingi karibu na mahali mti ulipojeruhiwa zamani ukapona. Kwa nje hayaonekani. Mnyororo ukishuka vizuri ndani ya gogo, ghafla mlio hubadilika, cheche huruka, na meno yote ya upande mmoja huwa yamevunjika kona kwa sekunde moja. Wapasuaji wazoefu hutazama rangi: mti unaozunguka jiwe mara nyingi huwa mweusi kuliko sehemu nyingine. Wakiona doa hilo kwenye uso wa mkato hubadilisha mstari au huendelea kwa mnyororo wa zamani. Mnazi nao una tabia yake: ndani ni laini, lakini sehemu ya nje karibu na gamba imesongamana nyuzi ngumu zinazomaliza makali haraka. Mpingo, ambao huzama ukitupwa majini, hautaki haraka. Unataka meno makali na vinundu visivyoshushwa kupita kiasi.

Tupa na mkono

Dalili za ubutu zipo chini, kwenye vumbi. Mnyororo mkali ukikata gogo kwa upana hutoa vipande vyenye umbo, kama maranda mafupi mazito. Mnyororo butu hutoa unga. Ila ikumbukwe kwamba mnyororo ukiingia kwenye kichwa cha gogo, kufuata nyuzi, hutoa unga hata ukiwa mkali, kwa hiyo mpasuaji mbao asiutumie unga peke yake kama kipimo. Dalili nyingine ni mkono: mnyororo mkali hujivuta wenyewe ndani ya mti. Mwendeshaji akianza kuusukuma, muda wa kunoa umekwisha kupita.

Jicho ndilo kipimo cha uhakika. Jino likigeuzwa kuelekea jua, ukingo butu hung'aa kama uzi mweupe, kwa kuwa umeviringika na kurudisha mwanga. Ukingo mkali hauna uso wa kurudishia mwanga, hivyo hauonekani. Kunoa ni kuondoa uzi huo mweupe, na kazi ya jino moja imekwisha pale unapotoweka juu na kwenye kona.

Tupa ya duara huchaguliwa kwa hatua ya mnyororo: milimita 4.0 kwa 3/8 ya umbo la chini, 4.8 kwa 0.325, 5.2 au 5.5 kwa 3/8 ya kawaida kulingana na mtengenezaji, na 5.5 kwa 0.404. Tupa nyembamba kupita kiasi huchimba chini ya ukingo na kuufanya mwembamba kama wembe. Hukata ajabu kwa dakika tano, kisha hujikunja. Tupa nene huacha ukingo umelala nyuma, ukawa unateleza juu ya mti. Kimo nacho ni kile kile kila mara: robo au sehemu ya tano ya kipenyo cha tupa ibaki juu ya usawa wa jino.

Kazi huanza injini ikiwa imezimwa, glavu zikiwa mkononi, na bapa likiwa limebanwa. Penye karakana hubanwa kwenye jiliwa; porini hupigwa mkato mfupi juu ya kisiki, bapa likachomekwa humo na breki ikafungwa. Mnyororo hukazwa kidogo zaidi ya kawaida ili meno yasiyumbe. Jino fupi kuliko yote hutafutwa kwanza, kwa maana mengine yote yatafupishwa yalingane nalo. Tupa hushikwa kwa mikono miwili, mpini kulia na ncha kushoto, ikalala sawa na ardhi na kuelekea pembe ya nyuzi 30, ambayo minyororo mingi huwa nayo kama mstari mwembamba uliochongwa juu ya jino. Husukumwa kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa mkandamizo mdogo, kisha huinuliwa wakati wa kurudi. Kurudisha tupa ikigusa chuma kunaua meno ya tupa yenyewe. Mvumo wake ukiwa laini na unaofululiza, inakata. Ukiwa mlio mkavu wa kukwaruza, ama tupa imekwisha au jino limeungua.

Mipigo mitatu au minne hutosha kwa mnyororo uliotunzwa. Meno ya upande mmoja hunolewa yote, kila moja kwa idadi ile ile ya mipigo, ndipo mashine hugeuzwa. Hapa ndipo makosa mengi hutokea, kwani mtu wa mkono wa kulia hukandamiza zaidi upande mmoja bila kujua. Siku chache baadaye msumeno huanza kukata kwa kupinda, na lawama huangukia bapa. Mara nyingi bapa halina kosa. Meno ya upande mmoja ni marefu au makali kuliko ya upande wa pili, na mkato huelekea kwenye upande wenye meno hayo. Kupima urefu wa meno kwa rula kila baada ya kunoa mara kadhaa huzuia ugonjwa huo.

Makali hasa hutoka kwenye tabaka jembamba la kromu lililopakwa juu ya jino. Mnyororo ukigonga jiwe la mvule au msumari uliozama ndani ya mwembe wa mjini, kromu hubanduka kwenye kona. Kupitisha tupa mara mbili na kuona chuma kinang'aa hakutoshi, kwa kuwa ukingo usio na kromu utalegea baada ya mikato michache. Tupa lazima irudi nyuma mpaka kwenye kromu nzima, hata kama ni milimita nzima ya jino.

Karakana nyingi hufanya kazi hii kwa grenda. Inaokoa muda kwa mnyororo ulioharibika vibaya, lakini jiwe la grenda likikaa jinoni sekunde moja zaidi, chuma hugeuka buluu. Rangi hiyo ina maana kwamba chuma kimepoteza ugumu wake, kikawa laini kisichoshika makali, au kimekuwa kigumu mno hata tupa ikateleza juu yake. Anayetumia grenda aguse kwa vipindi vifupi, azungushe mnyororo wote mara mbili au tatu badala ya kulimaliza kila jino kwa mkupuo.

Kila jino linaponolewa hurudi nyuma na kushuka kidogo, kwa kuwa mgongo wake umeinama. Kinundu hakishuki nalo. Baada ya kunoa mara tatu hadi tano tofauti ya milimita 0.65 huwa imepungua, na mnyororo mkali kabisa hutoa unga. Kipande cha chuma chenye tundu, kinachouzwa kwa bei ndogo, huwekwa juu ya meno mawili. Sehemu ya kinundu inayochomoza hupunguzwa kwa tupa bapa, na bega lake la mbele huviringishwa tena. Kupunguza kwa kukisia ni hatari. Kinundu kilichoshuka kupita kiasi hufanya jino lidake mti kwa nguvu, mashine hutetemeka, na hatari ya ule mrusho wa ncha ya bapa huongezeka.

Kwa kupasua mbao mnyororo hunolewa kwa pembe nyingine. Nyuzi 30 zinafaa kukata nyuzi za mti kwa upana. Kwa kufuata urefu wa gogo, nyuzi 10 hutoa uso laini zaidi na mbao yenye unene sawa. Mkato wa mnyororo hula milimita 8 hadi 10 za mti, wakati msumeno wa utepe wa kiwandani hula 2 au 3 tu. Kwa gogo linalotoa mbao kumi, hasara hiyo ni mbao tatu za inchi moja zilizogeuka vumbi, na mnyororo ulionolewa vibaya, unaotangatanga ndani ya gogo, huongeza ya nne.

Bapa na kinachobaki

Meno makali kwenye bapa lililochakaa hayafai kitu. Bapa hugeuzwa juu chini kila mnyororo unaponolewa sana, ili lichakae pande zote mbili. Mfereji wake husafishwa, tundu la oili huzibuliwa kwa kijiti, na kingo zilizochomoza hupigwa tupa bapa. Gurudumu la kuendeshea hubadilishwa baada ya minyororo miwili, au mitaro yake inapofika kina cha nusu milimita. Oili chakavu ya gari, ambayo wengi huitumia kwa kuwa ni ya bure, ina chembe za chuma zinazosaga bapa na pampu, na hurushwa hewani kuelekea pua na ngozi ya mwendeshaji. Oili safi, hata ya bei ya chini, hugharimu pungufu kuliko bapa.

Mnyororo mpya huvutika katika saa za kwanza, hivyo hukazwa mara kwa mara: viungo viguse upande wa chini wa bapa, na mkono wenye glavu uweze kuuzungusha mnyororo. Jino likibaki milimita 3 au 4, au likifika alama ya kikomo iliyochongwa na mtengenezaji, mnyororo umekwisha. Na jioni, kabla mashine haijapoa, mnyororo hulegezwa, kwa sababu chuma kikipoa hujikunyata, na mnyororo uliokazwa ukiwa moto huvuta shafti na beringi usiku kucha.